UZI: Soketi imekubali, mashine imegoma. Chipseti, BIOS na draiva kwa tunaojiundia PC Dar

#1 Bisibisi_Nyota

Wakuu salaam. Swali linalorudi humu kila mara ni hili: prosesa mpya, madabodi mpya au ya mtumba kutoka Kariakoo, soketi moja, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Mtu anarudisha pawa saplai dukani. Kesho anarudisha RAM. Kumbe prosesa nzima, madabodi nzima, ila hazifahamiani.

Soketi inakuhakikishia kwamba prosesa itakaa, basi. Kuwaka kunategemea vitu viwili vingine: chipseti ya madabodi (chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine vya bodi) pamoja na namna njia za umeme zilivyochorwa kwenda kwenye soketi, na BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoanza kabla ya Windows, ambayo ndani yake mna maelekezo ya kuamsha kila aina ya prosesa. Ukikosea kwenye BIOS, inatibika. Ukikosea kwenye chipseti, unarudi dukani na kubembeleza.

Naanza na Intel kwa sababu ndiko watu wanakopigwa zaidi.

Soketi ya LGA1151 ni mtego wa kwanza. Bodi zenye chipseti za H110, B150, Z170, B250, Z270 zinakula prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. H310, B360, B365, Z370, Z390 zinakula cha 8 na cha 9. Soketi ni ile ile kwa macho, na i5-8400 inaingia kwenye H110 bila kulazimisha. Lakini kuanzia kizazi cha 8 Intel waliongeza pini za kupeleka umeme kwenye prosesa kutoka 128 hadi 146, nyingine ambazo zamani hazikuwa na kazi. Hakuna apdeti rasmi ya BIOS itakayorekebisha hilo. Wapo wanaoziba pini kwa tepu na kuchezea BIOS hadi ikawaka. Usimfanyie hivyo mteja.

LGA1200: H410 na B460 ni kizazi cha 10 tu. H510, B560 na Z590 zinakubali cha 10 na cha 11. H470 na Z490 zinakubali cha 11 baada ya kuapdeti BIOS. Hapa kuna kichekesho: baadhi ya watengenezaji walitoa H410 na B460 zenye "V2" kwenye jina, ndani zimewekwa chipseti nyingine, na hizo zinakubali cha 11. Herufi mbili tu kwenye boksi zinabadilisha kila kitu.

LGA1700: H610, B660, Z690, B760, Z790 zote zinakubali kizazi cha 12, 13 na 14. Zile za mfululizo wa 600 zilitoka na cha 12, kwa hiyo stoo iliyokaa muda mrefu itahitaji apdeti ndipo ione cha 13 au 14. Za 700 zilitoka na cha 13, kwa cha 14 nazo zaweza kuhitaji. Na humu humu kuna madabodi za DDR4 na za DDR5 zenye jina karibu moja. Tafuta "D4" au "DDR4" mwishoni mwa jina. Mkato wa RAM hizo mbili hauko mahali pamoja, kwa hiyo ukiona haizami, usiisukume.

Soketi za AMD ni AM4 na AM5. AM5 ni rahisi: DDR5 pekee, pini ziko kwenye soketi wala si kwenye prosesa, na B650 iliyotengenezwa kabla ya Ryzen 9000 kutoka Agosti 2024 itahitaji apdeti kwanza. Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, ni RAM inapimwa. Usizime.

AM4 ndiyo yenye maneno mengi, na ndiyo ipo kwa wingi mjini. Ryzen 5000 (5500, 5600, 5700X na wenzake) kwenye B550, X570 na A520 ni salama, ila madabodi iliyotoka kiwandani kabla ya Novemba 2020 inaweza kudai apdeti. B450 na X470 zilipata BIOS ya Ryzen 5000 mwanzoni mwa 2021. A320, B350 na X370 ziliruhusiwa rasmi 2022, baada ya kelele nyingi za wateja, na si kila mtengenezaji aliifanya kwa kila modeli. Kwa hiyo mtu akikuambia "A320 inakula 5600", mwambie akuonyeshe kwenye ukurasa wa modeli ile ile.

Na hiyo ndiyo kanuni yangu pekee: kabla hujatoa hela, fungua simu pale pale dukani, tafuta jina kamili la madabodi pamoja na "rev" (toleo la bodi) iliyochapishwa kwenye kona ya bodi, nenda kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika. Pembeni ya kila prosesa kuna toleo la BIOS linaloanza kuikubali. Kama boksi lina stika ya "Ryzen 5000 Ready" umeokoa muda. Kama halina, muulize muuzaji yuko tayari kuapdeti kabla hujaondoka, na aandike jina kamili la bodi kwenye risiti.

---

#2 Kijana_Mbagala

Mkuu umenikuta hapo hapo. Nina Ryzen 5 5600 mpya, B450M ya mtumba, RAM 2x8GB DDR4 3200, SSD ya NVMe 500GB. Inawaka, feni zote zinazunguka, HDMI nimechomeka kwenye madabodi, hamna kitu. GPU (kadi ya picha) bado sijanunua. Nirudishe bodi?

---

#3 Bisibisi_Nyota

Usirudishe chochote bado. Una matatizo mawili yanayofanana dalili.

La kwanza: Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Tundu la HDMI kwenye madabodi linapata picha kutoka kwenye prosesa, na prosesa yako haitengenezi picha. Kwenye Ryzen 5000 za mezani, zenye grafiki ni zile zenye G baada ya namba, 5600G na 5700G kwa mfano. Kwa Intel ni kinyume: zenye F mwishoni, kama i3-12100F, ndizo hazina. Azima kadi yoyote ya GPU, hata GT 710, uitumie kupima.

La pili ni BIOS. Tazama kwenye bodi kama kuna vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT. Kikiganda cha VGA, prosesa imeamka na inatafuta kadi ya picha. Kikiganda cha CPU, ama BIOS ni ya zamani, ama waya wa pini 8 wa prosesa juu kushoto haujachomekwa, ama pini imepinda. Angalia waya huo kwanza, maana unafanana na wa GPU na watu wanauchanganya. Wa prosesa unagawanyika 4+4, wa GPU 6+2.

Kwa wengine wanaochagua kati ya 5600 na 5600G: 5600G na 5500 zinatoa PCIe (njia ya data kwenda kwenye GPU na SSD) 3.0 hata ukiziweka kwenye B550. Ukinunua B550 kwa ajili ya SSD ya PCIe 4.0 halafu ukaweka 5600G, umelipia kasi usiyoipata.

---

#4 Dada_Kijitonyama

Naongezea hapo kwenye B450, kuna jambo halijasemwa. Chipu inayohifadhi BIOS kwenye baadhi ya B450 za mwanzo ni MB 16. Prosesa za AM4 ni nyingi mno, orodha yote haienei. Ndiyo maana kwenye bodi hizo BIOS mpya huondoa prosesa za zamani, au huja na menyu iliyopunguzwa urembo. Zile zilizoandikwa MAX kwa MSI zina MB 32, hazina shida hiyo. Maana yake kivitendo: ukishapanda BIOS ya Ryzen 5000, usishangae ukirudisha prosesa ya zamani ikagoma. Soma maelezo chini ya faili la BIOS kabla hujapakua. Wakati mwingine wanakuambia upitie toleo fulani la katikati kwanza, usiruke.

Kwa Kijana_Mbagala, angalia nyuma ya bodi kwenye matundu. Kama kuna kitufe kidogo pembeni ya USB, kimeandikwa Flash BIOS, Q-Flash Plus au BIOS FlashBack, umeokoka. Hicho kinaapdeti bila prosesa kufanya kazi:

1. Flashi isiyozidi GB 32, iformati FAT32. NTFS na exFAT haisomi.
2. Pakua BIOS ya modeli na rev yako kamili, fungua zip, chukua faili lenyewe.
3. Libadili jina. MSI ni MSI.ROM, Gigabyte ni GIGABYTE.bin, ASRock ni CREATIVE.ROM. ASUS huweka kiprogramu kidogo ndani ya zip, kinabadili jina chenyewe. Hakikisha Windows haifichi viambishi vya faili, la sivyo utapata MSI.ROM.rom na kitufe hakitafanya lolote.
4. Weka faili peke yake nje ya folda zote, chomeka flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama, si lolote tu.
5. Chomeka waya wa pini 24 na wa pini 8, washa swichi ya pawa saplai, usibonyeze kitufe cha kuwashia kompyuta. Shikilia kitufe cha BIOS sekunde 3 hadi 5 hadi taa ianze kupepesa.
6. Kaa pembeni. Dakika 5 au zaidi kidogo. Taa ikiacha kupepesa, zima swichi, toa flashi, washa.

Taa ikipepesa mara chache ikaganda papo hapo, faili halijasomwa: jina, formati au tundu.

Kama bodi haina kitufe, lazima upate prosesa ya zamani inayokubalika, Ryzen 3 1200 au Athlon, uingie ndani ya BIOS na kuapdeti kutokea kwenye menyu. Mafundi wengi Kariakoo wanayo moja kwa kazi hiyo hiyo. Usiapdeti kutokea ndani ya Windows kama una njia nyingine.

---

#5 Mzee_wa_UPS

Dada umesahau TANESCO.

Usiguse BIOS bila UPS. Hata ya VA 650 inatosha, maana wakati wa kuapdeti mashine haili umeme wa kutisha. Na betri ya UPS iwe inashika kweli: ichomoe ukutani kwanza ikiwa imebeba taa au monita, ihesabu dakika. Nyingi zina betri iliyokufa siku nyingi, inafanya kazi ya kuwa soketi ya ukutani tu.

Umeme ukikatika katikati na bodi yako haina BIOS ya akiba wala kitufe, kinachobaki ni kuandika chipu ya BIOS kwa kifaa kidogo cha USB kiitwacho CH341A na klipu ya miguu 8. Hapo angalia maandishi kwenye chipu kwa kioo cha kukuza. W25Q128 yenye FV au JV ni ya volti 3.3. Yenye FW au JW ni ya volti 1.8, na hizo zipo kwenye madabodi kadhaa za AM4. Ukiipelekea ya 1.8 umeme wa 3.3 unaweza kuiua. Kuna adapta ndogo ya 1.8 inayokaa katikati, nunua. Na ile CH341A nyeusi ya bei poa hutoa volti 5 kwenye njia za data, kwa hiyo hata kwa chipu ya 3.3 haifai mpaka irekebishwe. Ondoa betri ya CR2032 na waya zote za umeme kabla ya kubana klipu. Soma chipu mara mbili, linganisha mafaili mawili yawe sawasawa, ndipo ufute na kuandika. Yakitofautiana, klipu haijashika.

---

#6 Tegeta_Njia_Panda

Wakuu mimi bodi imewaka vizuri, shida imehamia kwingine. H610 na i5-12400F, GPU ipo. Napiga Windows 11, inafika kwenye ukurasa wa kuunganisha intaneti inakwama, haioni waya wala WiFi, na kitufe cha kuendelea kimepauka. Nifanyeje?

---

#7 Dada_Kijitonyama

Windows haina draiva (programu ya kuiwezesha kutumia kifaa) ya kadi yako ya mtandao. Inatokea sana kwenye zenye Realtek 2.5G au Intel I225/I226 ukitumia nakala ya Windows ya zamani, na WiFi ndiyo kabisa.

Njia ya haraka ni simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa data, nenda kwenye mipangilio ya kushiriki intaneti, washa ile ya USB. Windows ina draiva yake tayari, itaiona kama kadi ya mtandao ya waya. Ila angalia bando. Ikishapata intaneti itaanza kupakua masasisho bila kukuuliza, na GB zinakatika kama maji ya bomba. Ukishaingia tu, fungua mipangilio ya mtandao huo uweke kuwa ni wa kulipia kwa kipimo (Metered connection), itapunguza kasi ya kujipakulia.

Njia ya pili haili bando: kwa kompyuta nyingine pakua draiva ya LAN (mtandao wa waya) kwenye ukurasa wa madabodi, ifungue hadi uone mafaili ya .inf, weka kwenye folda moja ya flashi. Kwenye ukurasa uliokwama bonyeza Shift+F10, litafunguka dirisha jeusi. Andika

pnputil /add-driver E:\lan\*.inf /subdirs /install

E badilisha iwe herufi ya flashi yako. Ukiwa hujui, jaribu D: kisha dir, E: kisha dir, mpaka uione folda. Sekunde chache mtandao unatokea.

Iwe desturi: flashi ya Windows na folda ya draiva za LAN, WiFi na chipseti ziandaliwe siku moja, kabla hujafungua boksi la kesi.

---

#8 Fundi_Gerezani

Tukifika kwenye draiva, niseme nisichokubaliana nacho. Watu wanaandika mpangilio wa draiva kama sala, chipseti kwanza la sivyo kompyuta italaaniwa. Kwa Windows 10 na 11 mpangilio hauui mashine. Nakubali chipseti ianze, kwa sababu moja ya kawaida: inataja vifaa vya ndani ya bodi kwa majina yao, na vingine vyote vinaning'inia humo. Ya Intel sehemu kubwa ni mafaili ya .inf, yaani majina tu, haiongezi kasi yoyote. Ya AMD inabeba zaidi: usimamizi wa umeme, GPIO (pini za mawasiliano za bodi), kichakataji cha usalama. Hiyo usiiruke.

Chukua ya chipseti kwa AMD au Intel wenyewe, ni mpya kuliko ya kwenye ukurasa wa bodi. Sauti, LAN na WiFi chukua kwenye ukurasa wa bodi, kwa sababu mtengenezaji ndiye anayejua amefunga chipu gani. GPU chukua kwa NVIDIA au AMD moja kwa moja, na hilo ni faili la zaidi ya MB 500, lifanye usiku kwa bando la usiku. Zile programu zinazodai zitakutafutia draiva zote kwa kubonyeza mara moja, achana nazo. Nyingi zinaleta matangazo, na huweka draiva ya kifaa kinachofanana na chako.

Ukimaliza fungua Device Manager. Ukikuta alama ya njano, usibahatishe. Majina haya matatu yanasumbua kila mtu:

"PCI Simple Communications Controller" kwenye Intel ni Management Engine, weka draiva ya ME.
"SM Bus Controller" ni chipseti, weka kifurushi cha chipseti.
"PCI Encryption/Decryption Controller" kwenye AMD ni kichakataji cha usalama, nacho kimo kwenye kifurushi cha chipseti.

Kikiwa "Unknown device" tu, bonyeza kulia, Properties, Details, chagua Hardware Ids. Utaona mfano PCI\VEN_10EC&DEV_8125. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa. 8086 ni Intel, 1022 ni AMD, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni grafiki za AMD. Kwa hiyo 10EC na 8125 ni Realtek 2.5G, 8168 ni Realtek ya gigabiti moja. ACPI\AMDI0030 ni GPIO ya AMD. Ukiwa na namba hizo hakuna atakayekuuzia draiva ya uongo.

---

#9 Bisibisi_Nyota

Fundi nakubaliana nawe, ila kwa anayeanza bado ningemwambia chipseti, riboti, LAN, GPU, sauti. Si kwamba itaharibika akigeuza. Akikwama, anajua amefika wapi.

---

#10 Mkwaju_Sinza

Mimi ukurasa wa kuchagua diski uko mtupu. SSD kwenye BIOS inaonekana, Windows inasema hamna diski. Bodi ni B760, SSD ya NVMe.

---

#11 Fundi_Gerezani

Ingia BIOS utafute VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia SSD. Ikiwa imewashwa, SSD imefichwa nyuma ya kidhibiti cha Intel ambacho kisakinishi cha Windows hakina draiva yake. Kama huna mpango wa RAID (diski kadhaa kufanya kazi kama moja), zima VMD, hifadhi, anza upya. Kama unataka ibaki, pakua draiva ya RST ya Intel, folda yenye f6vmdflpy, weka kwenye flashi, na kwenye ukurasa ule mtupu bonyeza "Load driver" uielekeze huko.

Usizime VMD kwenye Windows ambayo tayari iko juu ya VMD. Itagoma kuwaka na skrini ya bluu, mpaka uirudishe.

Kwa ambao SSD haionekani hata kwenye BIOS: kuna SSD za M.2 (zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) ambazo ni SATA, aina ya zamani kuliko NVMe, zina mikato miwili kwenye meno. NVMe nyingi zina mmoja. Tundu la M.2 la bodi yako linaweza kukubali NVMe peke yake. Na kwenye baadhi ya bodi ukijaza M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, kitabu cha bodi kinaeleza yapi. Kabla ya kusema HDD imekufa, hamisha waya wa SATA.

---

#12 Binti_Posta

Naomba kuuliza kuhusu mitumba ya ofisi. Nimeona Ryzen 5 PRO inauzwa peke yake bei nzuri, imetolewa kwenye mashine ya ofisi. Ni salama kuiweka kwenye B550?

---

#13 Fundi_Gerezani

Dada, usilipe mpaka uione ikiwaka kwenye bodi ya aina nyingine. Ryzen PRO ina kipengele cha usalama ambacho baadhi ya watengenezaji wa mashine za ofisi hukiwasha: prosesa inafungwa kwa mtengenezaji huyo kwa kuchoma fyuzi ndani yake. Nje ya bodi za mtengenezaji huyo haiwaki milele, na hakuna BIOS ya kuifungua. Kwa macho haina alama yoyote.

Madabodi za mashine za ofisi nazo usizinunue kwa kesi ya kawaida bila kuangalia tundu la umeme. Nyingi hazitumii pini 24, na mashimo ya skrubu yako pengine.

Na kwa wote wanaonunua mtumba: AM4 pini ziko kwenye prosesa, ilaze kwa usawa wa jicho, mistari yote inyooke. Intel na AM5 pini ziko kwenye soketi, mulika tochi ya simu kwa kuinamisha, zinatakiwa zing'ae pamoja. Kidoa kimoja cheusi katikati ya mng'ao ni pini iliyolala. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, kwa hiyo RAM ya mtumba isugue meno yake kwa kifutio cheupe na kuifuta kwa spiriti kabla hujasema imekufa.

---

#14 Mzee_wa_UPS

Mwenye kizazi cha 13 au 14 cha Intel, hasa i7 na i9, usiache BIOS ya kiwandani. Intel walikiri 2024 kwamba volti ilikuwa inapanda kupita kiasi na prosesa zinazeeka mapema: mashine inaganda, michezo inafunga, hata kufungua zip kunaleta makosa. Walitoa microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba. Zinakuja ndani ya BIOS mpya. Iliyokwisha kuumia haiponi kwa apdeti, lakini Intel waliongeza dhamana kwa miaka miwili, kwa hiyo tunza boksi na risiti.

---

#15 Kijana_Mbagala

Wakuu, ilikuwa yote mawili. Bodi ina kitufe, taa ya CPU ilikuwa imeganda, nimeapdeti, nimeazima GPU, picha imetoka. Sasa BIOS inasema RAM 2133 wakati nimenunua 3200. Nimepigwa?

---

#16 Dada_Kijitonyama

Hujapigwa. Hiyo ndiyo kasi ya kuanzia, salama kwa kila RAM. Ukiapdeti BIOS mipangilio inarudi sifuri. Ingia BIOS, washa XMP, yaani kasi iliyoandikwa kwenye RAM (kwenye bodi nyingine imeandikwa A-XMP au DOCP), hifadhi. B450 inakubali 3200 bila shida na 5600.

RAM ziwe tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ikiwa bodi ina manne. Ikigoma kuwaka baada ya XMP, isubiri ijaribu yenyewe mara mbili tatu. Bado ikigoma zima, chomoa waya wa umeme, toa CR2032 dakika 5, irudishe, kisha jaribu 3000.

Kwa wenye Intel, chipseti ina mkono wake hapa pia. H610 na DDR4 inaishia 3200 hata RAM ikiandikwa 3600. B460 na i5-10400 inaishia 2666. Hapo hakuna cha kuwasha.

---

#17 Kijana_Mbagala

3200 imekaa. Alama ya njano imebaki moja tu, VEN_1022 DEV_790B.

---

#18 Fundi_Gerezani

SMBus ya AMD. Kifurushi cha chipseti cha AMD, riboti, itaondoka.